Sura ya Tisa: Gramu Tatu kwa Siku

Wanaopima maziwa ya watoto kabla hayajaingia sokoni wana namba moja ndogo inayoamua mengi. Mwaka 1988 jopo la Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani lilishauri kwamba maziwa mapya ya kopo yanapojaribiwa, jambo la kwanza kuangaliwa liwe ongezeko la uzito wa mtoto katika miezi mitatu au minne ya mwanzo. Kundi moja la watoto likipitwa na jingine kwa zaidi ya gramu tatu kwa siku, tofauti hiyo isidharauliwe.

Gramu tatu hazijazi kijiko cha chai cha sukari. Lakini katika miezi hiyo mtoto mwenye afya huongezeka gramu 20 hadi 35 hivi kwa siku, kwa hiyo gramu tatu ni kama sehemu ya kumi ya ukuaji wake. Zikikosekana kila siku kwa siku 100, mtoto amepungukiwa na gramu 300 ambazo zingekuwa misuli, mifupa, damu na ubongo. Ndiyo maana tangu mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inamtaka mtengenezaji wa maziwa mapya awafuatilie watoto kwa wiki zisizopungua 15, akianza nao kabla hawajapita wiki mbili tangu kuzaliwa. Mtoto anapimwa uzito, anapimwa urefu akiwa amelazwa chali, na kichwa chake kinazungushiwa utepe. Kisha anarudishwa tena na tena, na namba zinapangwa pamoja na za wenzake waliokunywa maziwa ya zamani.

Jaribio la namna hii lina swali moja: je, maziwa haya yanamzuia mtoto kukua? Yakifaulu, maana yake hayamzuii. Alama ya juu kabisa ambayo maziwa yanaweza kupata hapo ni kulingana na yale yaliyotangulia. Mzazi anayesoma kwenye kopo kwamba watoto walijaribiwa wakakua vizuri huelewa jambo jingine kabisa: huelewa kwamba maziwa hayo yanakuza. Hivyo hununua kopo la bei kubwa akitafuta kitu ambacho hakuna mtafiti aliyemwahidi.

Sura hii inahusu maziwa ambayo kutoelewana huko kumekuwa kukubwa zaidi: maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa kiwandani na kuongezwa bakteria hai, wale tunaowaita probayotiki.

Protini inayokatwa kabla ya kunywewa

Maziwa ya ng'ombe yameumbwa kwa ajili ya ndama, ambaye hukua haraka sana. Yana protini gramu 3.3 hivi katika kila mililita 100, ilhali maziwa ya mama yana gramu moja tu, au karibu na hapo. Aina zake pia hazifanani. Katika protini ya ng'ombe, takriban asilimia 80 ni kaseini, ile inayoganda tumboni. Katika maziwa ya mama sehemu kubwa ni protini laini za maji ya maziwa. Zaidi ya hayo, maziwa ya ng'ombe yana protini iitwayo beta-laktoglobulini, ambayo mwili wa binadamu hautengenezi kabisa.

Watoto wengi wanaokunywa maziwa ya kopo hawapati shida na tofauti hizi, kwa sababu kiwanda kimekwisha kupunguza kiwango cha protini na kurekebisha uwiano wake. Lakini kwa wachache, kinga ya mwili huiona protini ya ng'ombe kama adui. Hapo huja damu kwenye choo, ukurutu usiopona, kutapika, kuharisha, au uzito uliosimama mahali pamoja wiki hadi wiki. Huu ndio mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe.

Dawa yake iligunduliwa kwa mantiki nyepesi. Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga, na kinga ya mwili huutambua mkufu kwa mpangilio wa shanga zake. Ukikatwa vipande vifupi mno, hautambuliki tena, ingawa shanga zenyewe, yaani amino asidi, zipo zote na mtoto atazitumia kujenga mwili. Kazi ya kukata hufanywa na vimeng'enya, jamii ileile ya vile vinavyosaga chakula tumboni mwetu. Mwaka 1942 kampuni ya Mead Johnson ya Marekani ilianza kuuza Nutramigen, maziwa ya kaseini iliyokatwa hivyo, na tangu hapo aina hii ya maziwa imeokoa watoto wasiohesabika.

Lakini kuna kukata na kukata. Maziwa ambayo protini yake imekatwa sana ndiyo ya tiba. Ili yakubaliwe, lazima yathibitishwe kwamba angalau asilimia 90 ya watoto wenye mzio huo wanayavumilia. Maziwa ambayo protini yake imekatwa kidogo tu bado yana vipande virefu, na mtoto mwenye mzio anaweza kudhurika nayo. Haya ya pili yaliuzwa miaka mingi kwa matumaini kwamba yatamkinga mtoto ambaye ukoo wake una pumu au mzio. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 37 yenye washiriki zaidi ya 19,000, na haukupata ushahidi thabiti wa kinga hiyo.

Yeyote aliyewahi kuonja maziwa yaliyokatwa sana hayasahau. Yanatoa harufu nzito kabla hujayafikisha mdomoni, kisha yanaacha uchungu na uchachu ulimini, kwa sababu vipande vifupi vya protini vina ladha ambayo protini nzima huificha. Julie Mennella na wenzake wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu kilichoko Philadelphia, walionyesha kwamba mtoto aliyeanzishiwa maziwa hayo katika miezi ya mwanzo huyanywa bila kinyongo, lakini anayeletewa kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hivi huyakataa katakata. Mama anayeona mtoto wa miezi sita anasukuma chupa asijilaumu: ulimi wa mtoto umekwisha kuchagua.

Wenyeji wa utumbo

Mwaka 1899, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, daktari kijana Henry Tissier alichunguza choo cha watoto wanaonyonya maziwa ya mama na kukuta bakteria wenye umbo la panda, mfano wa herufi Y. Leo wanaitwa bifidobakteria. Tissier aliona kwamba ndio waliotawala utumbo wa watoto wanaonyonya.

Sababu ilikuja kujulikana baadaye. Maziwa ya mama yana sukari za pekee, za aina zaidi ya 150, gramu 5 hadi 15 katika kila lita. Kwa wingi ni kitu cha tatu baada ya laktosi na mafuta. Ajabu yake ni kwamba mtoto hana uwezo wa kuzisaga. Zinapita tumboni zikiwa nzima mpaka utumbo mpana, na huko zinaliwa na bifidobakteria, hasa wale waitwao Bifidobacterium infantis. Wakizila hutoa asidi, na asidi hiyo huwafukuza bakteria wa kuharisha. Yaani mama hutumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho si cha mtoto, ni cha walinzi wa mtoto.

Mtoto wa maziwa ya kopo kwa kawaida alikosa sukari hizo, na utumbo wake ukakaliwa na mchanganyiko mwingine wa bakteria. Ndipo watengenezaji wakapata wazo: kama hatuwezi kuwalisha walinzi, tuwaweke wenyewe ndani ya kopo. Bakteria wanakaushwa kwa kugandishwa, wanachanganywa na unga, na wanalala humo mpaka wakutane na maji.

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya waliweka masharti: probayotiki wawe hai, wawe wa kutosha, na wawe wamethibitishwa kumfaa anayewatumia. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa madukani, kwa sababu uthibitisho huo ni wa aina moja ya bakteria kwa jambo moja. Jina kamili la probayotiki lina sehemu tatu. Chukua Lactobacillus rhamnosus GG. Neno la kwanza ni ukoo, la pili ni mlango wake, na herufi za mwisho ni kizazi mahususi kilichopimwa. Hizo GG ni za Sherwood Gorbach na Barry Goldin, watafiti wa Boston waliomtenga bakteria huyo katika miaka ya 1980. Kopo linaloandika "bakteria rafiki" bila kutaja kizazi halijamwambia mzazi lolote analoweza kulifuatilia.

Majaribio yalisema nini

Swali la kwanza lilikuwa la usalama: ukimwekea mtoto mzima bakteria GG katika maziwa yaliyokatwa, je, atakua? Mwaka 2009 timu ya Deolinda Scalabrin, ya kampuni inayotengeneza maziwa hayo, ilichapisha jaribio la watoto wenye afya waliozaliwa kwa kutimiza miezi, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata bakteria walikua sawa na wasiopata. Mwaka 2011 kamati ya lishe ya madaktari wa tumbo wa watoto wa Ulaya, ESPGHAN, ilipitia majaribio ya maziwa mengi yenye probayotiki na kutoa hukumu ya namna hiyo: kwa watoto wenye afya, maziwa yaliyojaribiwa hayakuleta wasiwasi juu ya ukuaji, ila ushahidi haukutosha kupendekeza kila mtoto apewe.

Swali la pili lilihusu wagonjwa: je, bakteria wanaharakisha kupona mzio? Jijini Napoli, Italia, Roberto Berni Canani na wenzake waliwafuatilia watoto 260 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Mwaka 2013 walieleza kwamba baada ya miezi 12, karibu asilimia 79 ya waliotumia kaseini iliyokatwa sana pamoja na GG walikuwa wameanza kuvumilia maziwa ya ng'ombe, wakati kwa waliotumia maziwa yaleyale bila GG ilikuwa karibu asilimia 44. Matokeo hayo yanatia moyo sana. Msomaji makini akumbuke, hata hivyo, kwamba watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na waliohusika walijua nani anakunywa nini.

Akumbuke pia jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2008. Watoto 119 wenye mzio uleule walipewa maziwa yaliyokatwa sana, nusu yao wakiongezewa bakteria wa vizazi vingine viwili. Hapakuwa na tofauti. Ugonjwa ni mmoja na maziwa ni ya namna moja. Bakteria ndio walikuwa wengine. Anayehamisha sifa za GG kwenda kwa bakteria yeyote aliyeandikwa kwenye kopo anatabiri bila msingi.

Na majaribio mawili ya Asia Kusini yanastahili nafasi hapa, ingawa hayahusu maziwa ya kopo. Katika jimbo la Odisha, India, zaidi ya watoto wachanga 4,500 wa vijijini walipewa kwa siku saba ama dawa isiyo na kitu ama kizazi kimoja cha Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuwalisha. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha maambukizi makali ya damu na vifo vikishuka kutoka asilimia 9 hadi asilimia 5.4. Watoto hao walikuwa wananyonya maziwa ya mama. Na huko Dhaka, Bangladesh, watoto wa miezi 2 hadi 6 waliokuwa na utapiamlo mkali walipewa Bifidobacterium infantis kwa wiki nne; utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliongezeka uzito kuliko wenzao waliopewa dawa bandia.

Ukiyaweka pamoja majaribio haya yote, mwelekeo unaonekana. Pale ambapo kuna kitu kinamzuia mtoto, iwe ni mzio, maambukizi au utapiamlo ulioharibu utumbo wake, bakteria sahihi wanaweza kusaidia kukiondoa. Pale ambapo hakuna kizuizi, hawana cha kuondoa, na mtoto anaendelea kukua kama alivyokuwa akikua.

Kunona na kukua

Mitaani kwetu mtoto mnene ndiye anayesifiwa. Mama anayebeba mtoto mwembamba hukutana na swali kila kona: mbona hajanona? Swali hilo limewapeleka wengi kwenye kopo.

Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua mtoto anapaswa kukua vipi, liliwafuatilia watoto wapatao 8,500 kati ya mwaka 1997 na 2003 katika miji sita: Pelotas, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis. Walichaguliwa watoto wa mazingira mazuri, walionyonyeshwa, wa mama wasiovuta sigara. Katika miaka ya mwanzo, mtoto wa Accra na wa Oslo walifanana kwa urefu kuliko wengi walivyotarajia. Kutoka kwao ilitengenezwa ile mistari ya mwaka 2006 iliyochapishwa kwenye kadi za kliniki. Mvulana wa katikati huzaliwa na kilo 3.3 na kufikisha kilo 7.0 akiwa na miezi minne. Msichana hutoka kilo 3.2 na kufika 6.4. Wa chini kidogo ya hapo si mgonjwa. Kinachomshtua muuguzi mwenye uzoefu ni nukta zinazovuka mistari kushuka, au kulala bapa.

Kuvuka kwenda juu nako kuna gharama yake. Berthold Koletzko wa Munich na wenzake waliwapa watoto wa nchi tano za Ulaya ama maziwa ya kopo yenye protini nyingi ama yenye protini kidogo. Urefu wao ulilingana. Lakini wale wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi walipofika miaka miwili, na walipofika sita, hatari yao ya unene wa kupindukia ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo maziwa yaliyokatwa sana yalipotoa fundisho lisilotarajiwa. Mwaka 2011 Mennella alionyesha kwamba watoto wenye afya waliokunywa maziwa hayo waliongezeka uzito taratibu kuliko wa maziwa ya kawaida ya ng'ombe, na mwendo wao ulikaribia ule wa watoto wanaonyonya. Walishiba mapema na kuiacha chupa wenyewe. Mzazi asiyejua angesema maziwa hayo ni hafifu. Kwa kipimo cha mistari ya Shirika la Afya Duniani, wao ndio waliokuwa kwenye njia.

Maji ya moto na bakteria hai

Kuna tatizo moja la jikoni ambalo halizungumzwi vya kutosha. Unga wa maziwa ya kopo si safi kabisa. Mara chache huwa na bakteria hatari kama Cronobacter, anayeweza kumletea mtoto mchanga homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwongozo wa mwaka 2007 wa Shirika la Afya Duniani unataka unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70: chemsha, usiyaache yakapoa zaidi ya nusu saa, koroga, kisha poza chupa kwa maji baridi kabla ya kumpa mtoto. Joto hilohilo linawaua probayotiki. Baadhi ya watengenezaji, ili kuwanusuru bakteria wao, huelekeza maji yapozwe kwanza, na hapo Cronobacter naye ananusurika.

Ikibidi kuchagua, usalama utangulie, hasa kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, njiti, au mwenye kinga dhaifu. Kwa njiti hata probayotiki wenyewe ni jambo la daktari bingwa tu. Oktoba 2023 FDA iliwaonya madaktari baada ya njiti aliyepewa probayotiki hospitalini kufa kwa maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria haohao. Tena bakteria waliokaushwa hawapendi joto wala unyevunyevu. Kopo lililokaa dirishani Mombasa au Dar es Salaam, kifuniko kikifunguliwa mara kwa mara, huenda likabaki na jina la bakteria bila bakteria.

Kabla ya kununua

Mtoto anayenyonya akishukiwa kuwa na mzio, mara nyingi hakuna haja ya kumwachisha. Mama huacha maziwa ya ng'ombe na vitu vyake kwa wiki mbili hadi nne, huku akiendelea kunyonyesha, kisha huvirudisha ili kuona kama dalili zinarudi. Kumhamishia mtoto kwenye maziwa ya mbuzi si suluhisho, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kulia jioni kwa chango, peke yake, si ushahidi wa mzio. Kwa mtoto asiyenyonya ambaye mzio wake umethibitishwa, maziwa yaliyokatwa sana ni tiba halali, na kama yana GG, kuna sababu ya kuyafikiria. Mama wa mtoto huyo anastahili msaada, wala asionewe haya kwa kushika chupa.

Kenya ilipitisha sheria ya maziwa mbadala mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni zake, zote zikifuata msimbo wa kimataifa wa mwaka 1981 unaokataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma. Sheria hizo zipo kwa sababu tangazo humkuta mama akiwa amechoka, ana hofu, na ameulizwa mara kumi mbona mtoto hajanona.

Kwa hiyo mtu akikupendekezea kopo lenye protini iliyovunjwa na bakteria hai, muulize swali moja: mtoto wangu anazuiwa na nini? Kama kizuizi kipo, kitajwe kwa jina, na bakteria naye atajwe kwa jina lake kamili na kazi anayokuja kuifanya. Kama nukta za kadi zinapanda na mstari wake, mtoto huyo anakua, na fedha ya kopo itafanya kazi kubwa zaidi ikinunua maharage, dagaa, mboga na matunda ya mama anayemnyonyesha.